Chemba Iliyofurika Si Lazima Iwe Ndiyo Mbovu

Dhana: Majitaka hufurika mvua inaponyesha tu.
Mvua ina lawama zake, ila chemba hutapika hata siku ya jua kali. Chanzo ni mafuta ya jikoni yaliyoganda, matambara, au mizizi iliyopenya kwenye viungio vya mabomba ya udongo. EPA, shirika la mazingira la Marekani, linakadiria matukio 23,000 hadi 75,000 nchini humo kila mwaka, bila kuhesabu majitaka yanayorudi ndani ya majengo. Anayetabiri mafuriko haya kwa kuweka tabaka la mvua pekee kwenye ramani ya GIS, yaani mfumo wa kompyuta unaounganisha ramani na takwimu, atashtukizwa mara nyingi.

Dhana: Panapofurika ndipo palipoziba.
Hili ndilo linalowachosha mafundi bure. Bomba likiziba, maji hujaa kurudi nyuma mpaka yapate mfuniko ulio chini kuliko mingine. Chukua chemba tatu zinazofuatana kuelekea mkondo: A, B na C. Bomba limeziba mbele ya C. Mfuniko wa A uko kwenye kimo cha mita 53, B mita 50.5, C mita 52. Uchafu utatokea B, huku C ikionekana shwari kabisa!

Ndiyo maana mimi huanza na safu mbili za jedwali la ramani: kimo cha mfuniko na kimo cha sakafu ya bomba. Sakafu ndiyo inayotupa mteremko. Bomba la milimita 200 huhitaji mteremko wa takriban mita 4 kwa kilomita ili maji yafikie sentimita 60 kwa sekunde na kusukuma mchanga. Mteremko ukiwa mdogo kuliko huo, taka hutuama, na kipande hicho kipakwe rangi nyekundu kwenye ramani.

Dhana: Programu za kompyuta za kazi hii ni ghali.
QGIS, programu ya kuchora ramani za GIS, ni ya bure. SWMM ya EPA, programu ya kuiga mtiririko wa maji mabombani iliyoanza 1971, nayo ni ya bure. Kazi ni kufungua chemba moja baada ya nyingine na kupima.

Dhana: Bomba kuukuu ndilo hatari.
Umri peke yake hausemi mengi. Bomba la zamani lenye mteremko mzuri linaweza kulishinda jipya lililolazwa vibaya. Kumbukumbu za kuziba husema zaidi, mradi kila nukta iwekwe pale fundi alipokikuta kizuizi, si nyumbani kwa aliyepiga simu.