Chaja ya Drili Imepotea: Soma Betri Kabla ya Kutafuta Plagi

Mafundi wengi wana drili ya betri ya zamani ambayo mota yake bado ina nguvu, ila chaja imepotea au imeungua na dukani haipatikani tena. Wanatuuliza kama chaja nyingine itafaa. Plagi kuingia sawasawa si jibu. Cha kutazama ni kemia iliyomo ndani ya betri.

Soma lebo. Ni-Cd (nikeli na kadimi) na Ni-MH (nikeli na hidridi ya metali) ni betri za nikeli. Li-ion ni ya lithiamu. Volti peke yake haitoshi, maana betri ya volti 18 inaweza kuwa na seli (vibetri vidogo vilivyounganishwa ndani) 15 za nikeli, kila moja volti 1.2, au seli 5 za lithiamu za volti 3.6. Kama lebo imefutika na huwezi kutambua seli, usiichaji.

Ni-Cd ndiyo yenye uvumilivu. Huchajiwa polepole kwa sehemu ya kumi ya uwezo wake: yenye uwezo wa mAh (miliampea-saa) 1,300 hupewa mkondo wa miliampea 130 kwa saa 14 hadi 16. Unahitaji chanzo cha umeme chenye kidhibiti cha mkondo, na volti yake izidi ya betri, kwa kuwa seli ikikaribia kujaa hufika kama volti 1.45. Hapa ndipo wengi wanaotumia adapta ya kompyuta badala ya chaja hukosea: ampea zilizoandikwa juu yake ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si ahadi kwamba itaipimia betri yako. Hakikisha chanya iko kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha gusa betri mara kwa mara. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ya moto, chomoa. Ni-MH haihimili sana kuzidishiwa chaji, kwa hiyo isikae hapo usiku kucha bila mtu.

Lithiamu haina nafasi ya kubahatisha. Seli ya kawaida hukomea volti 4.2, hivyo seli 5 hukomea 21. Ukipitisha hapo inaweza kuvimba, kutoa gesi na kuwaka. Tumia chaja ya Li-ion ya idadi hiyohiyo ya seli, tena betri ikiwa na saketi yake ya ulinzi. Nawasihi sana muache kubusti betri iliyokufa kwa kuiunganisha na nyingine. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 huanza kuyeyusha shaba iliyomo ndani, na ukiichaji shaba hiyo inaweza kusababisha shoti ambayo huioni kwa nje.

Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, ukiwa macho. Betri iliyovimba au inayovuja isichajiwe kabisa. Ya Ni-Cd usiichome wala kuifukia shambani, kwani kadimi ni sumu na hudumu ardhini; mpelekee mkusanyaji wa taka za kielektroniki.