Je, wajua kwa nini daktari wa saratani ya matiti hasemi "umepona"?

Mwanamke anashuka kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza, na faili kwapani. Titi limefanyiwa upasuaji, dripu za dawa ya saratani zimekwisha, mionzi imekwisha, kidonda kimefunga. Kabla hajafika kivuko cha Kamanga simu imeshaita: "Wifi, daktari kasemaje? Umepona?" Anafungua faili, anapekua, neno hilo halimo. Kilichoandikwa ni kwamba hakuna dalili za ugonjwa, aendelee na kidonge, arudi baada ya miezi mitatu.

Ukiuliza kwa nini daktari hakuandika "amepona", majibu ya mtaani ni mawili. La kwanza, daktari anaogopa lawama. La pili, anasubiri miaka mitano ipite, na ikipita salama basi mtu kapona rasmi. Hili la pili linasikika kama sayansi, na limewaponza hata waandishi wa makala za afya kama hii. Ndiyo maana linahitaji nafasi yake.

Miaka mitano ni kipimo cha kuhesabia tu. Watafiti walihitaji mahali pamoja pa kusimama ili walinganishe hospitali na hospitali, nchi na nchi, wakakubaliana kuhesabu walio hai miaka 5 tangu ugonjwa ugundulike. Angalia maneno yenyewe: walio hai, na tangu kugundulika. Hesabu haianzii siku ya mwisho ya mionzi, na haiulizi kama ugonjwa upo au haupo. Mama ambaye saratani imeshafika kwenye mifupa, lakini mwaka wa tano unamkuta anapika, anaingia kwenye hesabu hiyo sawasawa na yule ambaye haijamrudia kabisa.

Tena saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Ile isiyo na vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) wala HER2 (protini inayoisukuma seli ikue) ina haraka: ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na baada ya mwaka wa tano hatari hushuka sana. Kwa wenye aina hii, ile imani ya miaka mitano haiko mbali na ukweli. Ile yenye vipokezi vya homoni ndiyo yenye subira. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa wanawake 62,923 wa aina hii, waliomeza dawa ya kuzuia homoni kwa miaka 5 na kufika mwisho wake bila ugonjwa kurudi. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa 20, ugonjwa uliendelea kuwarudia baadhi yao kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila kituo. Waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2 na tezi safi za kwapani (zile wengi wanaziita mitoki), takriban 13 kati ya 100 ulijitokeza sehemu ya mbali ya mwili katika miaka hiyo 15. Waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi na mitoki 4 hadi 9 iliyoingiliwa, ni 41 kati ya 100.

Namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Wanawake wale walitibiwa miaka mingi iliyopita, wengi kwa dawa zilizokwisha kupitwa, na walikuwa ndani ya majaribio ya kitabibu yenye ufuatiliaji wa karibu. Kuzishusha Mwanza kama zilivyo ni kosa. Zinachothibitisha ni kwamba mwaka wa tano hauna mlango unaofungwa nyuma ya mtu. Na hata katika kundi baya kuliko yote, wengi ugonjwa haukuwajitokezea sehemu ya mbali ya mwili.

Sasa, kwa nini kipimo kisimalize ubishi? Seli moja ya saratani ikigawanyika mara 10, zinakuwa kama elfu moja. Mara 20, milioni moja, ambazo zikikusanyika ni kitu cha milimita moja hivi, punje ya mchanga. Mara 30, bilioni moja: sentimita moja, ukubwa wa punje ya harage. Mashine nzuri ya kupiga picha ya mwili huanza kuona mahali fulani kati ya mchanga na harage. Maana yake safari ndefu ya ugonjwa, zaidi ya nusu ya migawanyiko yote, inapita gizani.

Mvuvi wa sangara anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Wavu wa inchi sita ukitoka mtupu, anasema "sijapata kitu". Hasemi ziwa halina dagaa, maana dagaa wanapita kwenye tundu la wavu ule kama wanavyopita kwenye maji. Daktari naye anasoma wavu wake: kwa tundu hili, leo, hakuna kilichonasa. (Mfano unakomea hapo, kwa sababu dagaa hakui akawa sangara.)

Linalobaki ni lile la ajabu zaidi: seli hizo zinafanya nini miaka 10 au 15 bila kukua? Kwa hili twende kwenye magugu maji. Wakazi wa ufukweni wanajua kwamba ghuba inaweza kusafishwa mpaka maji yakang'aa, na misimu kadhaa baadaye majani yakatokea palepale. Sehemu ya majani hayo huletwa na upepo kutoka ghuba nyingine. Lakini gugu hili pia hutoa mbegu, mbegu zinazama kwenye tope, na zinaweza kukaa humo miaka 15 na zaidi zikiwa hai. Kina cha maji kikishuka na mwanga ukafika chini, zinaota. Aliyeng'oa majani alifanya kazi yake vizuri kabisa. Tope ndilo hakuligusa.

Dawa nyingi za dripu huua seli zinazogawanyika. Seli iliyojificha kwenye uboho na kuacha kugawanyika inafanana na mbegu iliyo topeni: dripu inapita juu yake. Kinachoiamsha baadaye bado kinabishaniwa na wataalamu, na mbegu nyingi za namna hii huenda haziamki kamwe. Kwa saratani ya homoni, hata hivyo, mojawapo ya vitu vinavyofanya kazi ya ule mwanga ni estrojeni, homoni ya kike, na tamoksifeni, kile kidonge cha kwenye faili, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 mpaka 10, kazi yake ni kuuziba.

Hapa ndipo neno "nimepona" linapoanza kuleta hasara. Aliyepona hamezi dawa. Kidonge chenyewe kinaleta joto la ghafla usiku, mwili hauumi popote, ndugu wanasema "si umeshapona, hicho cha nini?" Kinaachwa mwaka wa pili.

Hasara nyingine iko zahanati. Mama akiulizwa kama ana tatizo lolote la kiafya anajibu hana, alishapona. Anachomwa sindano ya uzazi wa mpango au anawekewa kijiti, na vyote viwili vina homoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka njia za homoni kwenye kundi la zisizofaa kutumiwa na mwenye saratani ya matiti, na hata ikipita miaka 5 bila dalili bado zinabaki kwenye kundi la hatari kuzidi faida. Kitanzi cha shaba hakina homoni, na hakina kizuizi hicho. Au mgongo unauma wiki tatu, hasa usiku: mhudumu asipojua historia yake, atatibiwa UTI, kisha taifodi, kisha UTI tena. Mifupa, mapafu, ini na ubongo ndiko ugonjwa huu hupenda kurudia.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kilishalitatua tatizo hili zamani, kwenye salamu. "Hujambo?" asili yake ni kuuliza kama huna jambo, na "sijambo" ni kujibu sina. Anayejibu haapi kuhusu kesho, anasema kwa sasa hakuna la kutaja. Tena tunasema "mgonjwa hajambo kidogo" tukimaanisha ana nafuu, wala hakuna anayedhani ametangaza kupona. Ni "hakuna dalili za ugonjwa" ya daktari, imekaa vinywani mwetu kila asubuhi. "Nimepona" ni kiapo kingine, maana ile -me- inadai jambo limetimia na limebaki hivyo.

Basi wifi aliyepiga simu anaweza kujibiwa: "Sijambo, wifi. Vipimo vya juzi havikuona kitu. Dripu na mionzi nimemaliza, kidonge naendelea nacho, narudi kuangaliwa baada ya miezi mitatu." Sentensi ya mwisho ndiyo inayozuia swali la "hicho cha nini?" Jirani wa sokoni Kirumba hadaiwi maelezo yote hayo. "Sijambo, nashukuru" inamtosha, na ni kweli tupu. Kuna kituko kidogo cha lugha hapa: kwa miaka mingi ya kampeni za VVU, ukimwambia mtu "nataka kukueleza hali yangu ya afya" atakaa chini akitegemea habari nyingine. Taja saratani kwa jina mapema.

Mhudumu wa afya ndiye wa kuelezwa kila kitu, na kumbukumbu haitoshi. Karatasi moja: tarehe ya kugundulika, titi la upande gani, majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa kutoka kwenye uvimbe (vipokezi vya homoni na HER2), ukubwa wa uvimbe, mitoki mingapi ilitolewa na mingapi ilikuwa na ugonjwa, mionzi upande gani, kidonge kilianza lini. Ile dawa nyekundu ya dripu, doksorubisini, iandikwe kwa jumla yake. Mizunguko minne ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili inafikisha 240, na wasiwasi juu ya moyo huwa mkubwa jumla inapokaribia 450 hadi 550, ingawa wachache moyo huwasumbua hata chini ya hapo. Mtu akipungukiwa pumzi miaka sita baadaye huko Ukerewe, mstari huo unaweza kumwokoa na dawa za pumu asizozihitaji. Kwa anayemeza tamoksifeni, kutokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, havisubiri siku ya kliniki. Kuhusu kupimwa presha kwenye mkono wa upande uliopasuliwa, ushahidi kwamba kunavimbisha mkono ni hafifu, ila kutumia mkono mwingine hakugharimu kitu.

Wengine huona heri kupigwa picha mwili mzima kila mwaka. Tafiti mbili za Italia zilizochapishwa mwaka 1994 zilijaribu ufuatiliaji wa picha nyingi kwa wasio na dalili, na hawakuishi zaidi ya walioangaliwa kwa mkono, maswali na mamografia (picha ya eksirei ya matiti). Mashine na dawa za wakati ule zilikuwa duni, kwa hiyo suala linachunguzwa upya. Kwa sasa ratiba ya kawaida ni kuonwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu, kila miezi 6 hadi 12 kwa miwili inayofuata, kisha kila mwaka, pamoja na mamografia ya mwaka kwa titi lililobaki.

Karatasi ile ikae na kadi ya kliniki, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu mwingine pia. Simu zinazoanguka majini pale kivukoni ni nyingi.