Kabla Hujaziba Ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila fundi niliyewahi kufanya naye kazi anaiamini methali hiyo. Kazi yangu mimi ni kumwambia asubiri kwanza. Mtu akinunua eneo lenye jengo kuukuu na miti mikubwa, akataka kubomoa na kujenga mtaa mpya, naitwa nikague kama kuna popo. Mara nyingi wamo ndani ya ufa uleule ambao fundi ameshaukorogea saruji.

Swali ninaloulizwa ni hilohilo kila mara: "Wamo au hawamo?" Ni swali halali, ila ni nusu ya swali. Popo hakai mahali pamoja. Majike wana mahali pa joto pa kuzalia, na kwenye nchi za baridi wote huhamia penye ubaridi usiobadilika ili walale majira mazima. Kila usiku, kati ya makao na mawindo, kuna njia wanazozifuata: safu ya miti, ukingo wa mto, ua wa vichaka. Ukiwaachia dari ukawakatia njia, ni kama umewafungia mlango kwa nje.

Kuwapata kwenyewe kunahitaji subira. Pipistrelle, popo mdogo anayeonekana sana kwenye nyumba za Ulaya, ana gramu 5 hivi na hupenya mwanya wa milimita 15 hadi 20, kwa hiyo mchana huwa natafuta alama zake zaidi kuliko yeye mwenyewe. Doa la mafuta kwenye ukingo wa kigae. Mabawa ya nondo sakafuni. Kinyesi kama cha panya, ila ukikifikicha (kwa glavu, tafadhali, na popo mwenyewe usimshike kwa mkono mtupu) hugeuka unga, maana ni mabaki ya wadudu watupu. Cha panya ni kigumu. Jioni tunazunguka jengo, kila mtu na kona yake, tukiwa na kamera za infraredi, zinazoona gizani, na vifaa vya kunasa milio. Sikio la binadamu hukomea kilohezi 20 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ilhali pipistrelle hulia kwenye 45. Kwetu ni kimya kitupu. Kwenye kifaa ni kelele kama za soko.

Usiku mmoja bila popo hauthibitishi kitu. Majike hukusanyika, huzaa, kisha hutawanyika, na mwaka unaofuata hurudi palepale. Ndiyo maana sheria ya Uingereza hulinda makao yao hata wakati hayana popo, na naona ni busara. Aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya wakifa leo, baada ya miezi michache wamejaa tena; kundi la popo lililopoteza majike wake huchukua miaka mingi kurudi lilivyokuwa, kama litarudi.

Lakini kinachonikosesha usingizi siku hizi ni taa. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio rahisi: waliweka taa za aina ya zile za barabarani kwenye njia za popo wadogo wenye pua ya umbo la kiatu cha farasi. Popo waliopita walipungua sana, na hakukuwa na dalili kwamba wanaizoea taa kadiri siku zilivyopita. Hakuna aliyebomoa chochote. Ni taa tu. Wapo popo wanaofuata wadudu kwenye mwanga, na hao ndio wanaotudanganya: mwenye nyumba akiwaona wakizunguka taa yake hudhani mambo ni shwari, kumbe wanaopenda giza wameshahama. Majaribio ya Uholanzi yalionyesha kuwa taa nyekundu huwasumbua hao kidogo sana kuliko nyeupe au kijani, na mtaa mpya wa Zuidhoek, huko Nieuwkoop, ukawekewa taa nyekundu barabarani. Mimi hushauri giza kwanza. Pasipowezekana, taa fupi, hafifu, inayomulika chini.

Kosa langu kubwa lilihusu ua wa vichaka. Niliridhika ulipobaki kwenye ramani, bila kujali kwamba ulikuwa umepita nyuma ya bustani za watu, kila mmoja na kipande chake. Haikupita miaka mingi, mmoja akaukata apate jua, mwingine akaweka ukuta, wa tatu akafunga taa kali ya ulinzi. Njia ikakatika vipande vipande na hakuna aliyevunja sheria. Tangu siku hiyo nasisitiza ua kama huo ubaki kwenye ardhi ya wote, mbali na madirisha, na mtunzaji wake aandikwe kwenye mkataba. Hilo linawezekana tu nikiitwa kabla mchoraji hajapanga barabara na viwanja. Nikija baadaye, ninachobaki kuomba ni masanduku ya popo ukutani.

Nayo masanduku yana kikomo chake. Popo wa nyufani huyakubali, ila wale wanaohitaji nafasi ya kurukaruka ndani ya dari kabla ya kutoka hawana kazi nayo. Na ukiwaachia dari, angalia kilicho chini ya vigae: karatasi za kisasa zinazopitisha mvuke hutoa nyuzi zikikwaruzwa na makucha, na popo hunasa humo hadi kufa.

Ikibidi ufa uzibwe kweli, na sheria ya mahali inaruhusu, usiuzibe watoto wakiwa hawajaweza kuruka, wala popo wakiwa katika usingizi wa baridi. Makao mbadala yawe tayari kwanza. Kisha ning'iniza kipande cha plastiki laini mbele ya mwanya, kimefungwa juu na kuachwa huru chini: anayetoka atateleza atoke, akirudi hapati pa kuingilia. Zikipita siku kadhaa za hali nzuri ya hewa bila hata mmoja kutoka, kagua ndani mara ya mwisho, ndipo umwite fundi na saruji yake.