Maji na chumvi si udanganyifu

Imekuja tena, ile hoja kuhusu wafungwa wa Kipalestina wanaogoma kula kwenye magereza ya Israel. Safari hii ni ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, ndugu mmoja anaongea kama aliyemkamata mwizi wa kuku: "Hao Wapalestina wanaogoma kula, mbona wanakunywa maji? Tena wanatia chumvi! Hiyo si njaa, ni maigizo." Haikupita nusu saa, mwingine mwenye nia njema na hasira nyingi akamjibu kwa bango: "Siku 172 bila chakula wala maji." Wanatukanana, kumbe kosa lao ni moja. Wote wawili wanaamini kwamba mgomo wa kweli ni wa kukauka.

Kazi yangu ni lishe ya wagonjwa wodini. Wengi wanaofika kwangu wamekaa na njaa wiki nyingi bila kupenda, hasa wenye saratani ya koo la chakula, ambayo huku kwetu tunaiona sana. Kwa hiyo njaa ninaijua kwa sura. Sasa nisikilizeni.

Asiyekunywa maji hufa ndani ya siku chache, na kwenye joto hata upesi zaidi. Hapo wakili hajapata hata tarehe ya kusikilizwa. Mfungwa anayegoma hatafuti kufa, anatafuta muda: muda wa familia kupiga hema la mshikamano mjini, wa ubalozi fulani kuuliza swali, wa jaji kuona aibu. Wengi wa waliogoma mmoja mmoja walikuwa kizuizini bila mashtaka, kwa amri ya miezi 6 inayoweza kuongezwa tena na tena. Mtu asiye na kesi hana pa kujitetea, ana mwili tu. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma Uhuru Park mwaka 1992 pamoja na Wangari Maathai, sijasikia aliyewauliza kama walikunywa maji.

Chumvi sasa. Ukiacha kula, siku za mwanzo figo humwaga chumvi kwa wingi na maji huifuata. Asipoirudisha, presha hushuka, akisimama anaona giza, anaanguka. Inayotakiwa ni kidogo mno: si zaidi ya nusu kijiko cha chai kwa siku nzima, ndani ya lita moja na nusu au mbili za maji. Haina kalori hata moja. Haimshibishi mtu. Inamwezesha kusimama mlangoni wakati wa kuhesabiwa. Kwenye mgomo mkubwa ulioanza tarehe 17 Aprili 2017, ukiongozwa na Marwan Barghouti, kiongozi wa Fatah aliyefungwa Israel, watetezi wa wafungwa walilalamika kwamba chumvi inanyang'anywa vyumbani. Aliyeinyang'anya alijua fiziolojia kuliko kundi letu zima.

Ndiyo maana ile kampeni ya glasi ya maji ya chumvi niliipenda. Aarab, mtoto wa Marwan, alijirekodi akinywa, akawaomba wengine wafanye hivyo, na mwimbaji Mohammed Assaf akawa miongoni mwa walioitikia. Kuna waliosema ni mchezo wa watoto. Mimi naona ilifanya kazi ambayo hotuba hazikuifanya: ilimwonyesha mtazamaji chakula chote cha siku cha mgomaji. Ila ukitia vijiko viwili vilivyojaa ili ukunje uso mbele ya kamera, hapo umeigiza kitu kingine, na figo zako hazikushukuru.

Na wale wa mshikamano wa siku moja. Mwezi Mei 2017 Cyril Ramaphosa, akiwa makamu wa rais, na Waafrika Kusini wengine walifunga saa 24. Safi kabisa, kisiasa ina uzito, hasa kwa nchi yenye Robben Island. Lakini tusiandike "nimeonja wanayoyapitia". Saa 24 ni akiba ya sukari iliyo kwenye ini, basi. Wala mfungo wa Ramadhani hauko karibu, jioni unafuturu. Cha ajabu ni kwamba baada ya siku ya pili au ya tatu njaa yenyewe hupungua. Mwili umehamia kwenye mafuta, unachoma na misuli taratibu, mgomaji anaweza kuonekana mtulivu, hata mchangamfu. Hapo ndipo watu husema "mbona yuko sawa?"

Hayuko sawa. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili au tatu hivi. Ikiisha, ubongo ndio hulipa. Kuanzia kama wiki ya tano macho huanza kuchezacheza yenyewe. Unamwambia afuate kidole chako, mboni zinarukaruka. Anaona watu wawili mahali pa mmoja, kizunguzungu hakikatiki, anatapika hata yale maji. Waliopitia hatua hii na wakapona wanaitaja kuwa mbaya kuliko njaa yenyewe. Baadaye huja kuchanganyikiwa, na wengine kumbukumbu hazirudi tena hata wakila miaka kumi.

Hapa ndipo mabango yananichosha. Siku zinahesabiwa kama mabao. Khalil Awawdeh mwaka 2022 alihesabiwa siku 172, na picha zake, mbavu na ngozi, zilizunguka dunia. Lakini familia yake yenyewe ilisema wazi kwamba katikati kulikuwa na kipindi kifupi alipopokea sindano za vitamini. Samer Issawi alipita siku 200 huku akipokea dripu na vitamini kwa vipindi. Je, hilo linaupunguza mgomo? Hapana! Vitamini si chakula. Inalinda ubongo wakati mwili unaendelea kuisha. Ukiificha, umempa mpinzani zawadi: siku atakapoigundua atasema yote yalikuwa uongo, nawe huna jibu.

Nikiri jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Ile kauli kwamba mtu hufa kati ya siku ya 45 na ya 75 imeegemea sana wafungwa 10 wa Kiairishi waliogoma mwaka 1981 wakitumia maji na chumvi tu, wakafa kati ya siku ya 46 na ya 73. Watu kumi, vijana, wasio na mafuta mengi! Wagomaji wa Uturuki waliotumia sukari na B1 walikaa miezi. Khader Adnan, muoka mikate wa Arraba karibu na Jenin, mwaka 2012 alimaliza siku 66 akiwa hai. Tarehe 2 Mei 2023 alikufa gerezani siku ya 86, akiwa na miaka 45, baada ya migomo kadhaa katikati. Je, mgomo wa kwanza unaacha deni linalolipwa kwenye wa tano? Nahisi ndiyo. Ushahidi ninaoweza kuuweka mezani ni mdogo, na daktari anayekutajia siku ya kufa kwa uhakika anabahatisha.

Kuhusu kulishwa kwa nguvu nitapita haraka kwa sababu halina utata mkubwa. Azimio la Malta la madaktari duniani, la mwaka 1991, linakataza. Israel ilipitisha sheria ya kuruhusu mwezi Julai 2015, na chama cha madaktari cha huko huko kikaipinga. Mwaka 1980, katika mgomo wa gereza la Nafha, kuna wafungwa waliokufa kutokana na kulishwa kwa mpira. Utata wa kweli ni pale mgomaji anapopoteza fahamu bila kuacha kauli. Hapo sina jibu la kujivunia.

Hatari ambayo kampeni haziitangazi kabisa ni ushindi. "Amefungua!" Pipi, kunafa, picha ya kijiko mdomoni. Jamani, taratibu! Mwili uliozoea kuchoma mafuta ukipewa sukari ghafla, insulini hupanda na fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, damu inabaki tupu, moyo unapoteza mdundo. Madaktari waliliona kwa mateka wa vita waliokombolewa mwaka 1945: walikula, wakafa. Kwangu mgonjwa wa namna hii huanza na B1 kwanza, kisha chakula kidogo sana, vipimo vya damu kila siku, na ugomvi na ndugu waliokuja na hotipoti ya pilau.

Tangu Oktoba 2023 mambo yamegeuka. Msalaba Mwekundu umezuiwa kuwatembelea wafungwa, ziara za familia zimesimama, na Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Israel yenyewe iliamua kwamba serikali haiwapi wafungwa hao chakula cha kutosha. Mtu atasusiaje sahani ambayo tayari ni nusu tupu? Kuhesabu siku hakusaidii tena. Kwa hiyo, wenye kampeni, leteni uzito: alikuwa kilo ngapi alipokamatwa, ni kilo ngapi wakili alipomwona. Akishapoteza asilimia 10 inafaa afuatiliwe na daktari kila siku. Ikifika 18, hata kama hajagoma, ni mgonjwa wa hospitali.