Papai bichi kwenye mishkaki: maswali kuhusu protini na vimeng'enya

Maswali haya yameulizwa na kina mama na vijana wa Ngamiani, hapa Tanga, wengi wao wauza chakula cha jioni. Nimeanzia jikoni, maana huko ndiko protini tunazishika kwa mikono.

Swali: Nyama ya mishkaki nikiipaka papai bichi inalainika, lakini nikiisahau usiku kucha inavurugika. Kwa nini?

Jibu: Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kubadilisha molekuli nyingine, kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukata protini, ambazo ndizo nyuzi za nyama. Kikishakata hapa kinaachia, kinahamia pale, chenyewe hakitumiki kikaisha. Ukikipa usiku mzima, kitakata usiku mzima.

Swali: Protini yenyewe imejengwaje?

Jibu: Fikiria shanga za aina 20, ziitwazo asidi amino, zilizotungwa kwenye uzi kwa mpangilio unaotoka kwenye jeni, yaani maagizo tunayorithi kwa wazazi. Insulini, protini inayodhibiti sukari ya damu, ina shanga 51 katika nyuzi mbili. Frederick Sanger wa Uingereza alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kuufichua mpangilio huo. Uzi haubaki umenyooka. Hujisokota na kujikunja mpaka upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Tazama yai kikaangoni: shanga ni zile zile, ila mikunjo imefumuka, na hata likipoa ute haurudi kuwa maji.

Shanga tisa mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima tuzile. Dagaa wanazo zote. Asiye na dagaa ale wali kwa maharage, kinachopungua huku kinapatikana kule.

Swali: Kimeng'enya hujuaje cha kukata?

Jibu: Kina kishimo ambacho molekuli yake ndiyo inayokaa sawasawa. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alikifananisha na kitasa na ufunguo wake, ingawa kitasa hiki ni laini, hujibana kidogo kikishapata ufunguo. Tafuna muhogo wa kuchemsha taratibu bila kumeza, utaanza kusikia utamu: amilasi, kimeng'enya cha mate, inakata wanga kuwa sukari. Nyama hata uitafune mpaka kesho, amilasi haiigusi. Nyama inasubiri pepsini, kimeng'enya cha tumboni.

Swali: Maziwa yasiyoganda yananijaza gesi na kuniharisha, lakini mgando haunisumbui. Ni aleji?

Jibu: Yaelekea ni upungufu wa laktasi, kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa. Watoto wachanga wanayo tele, watu wazima wengi hupungukiwa. Sukari isiyokatwa hufika utumbo mpana, bakteria wakaichachua, ndiyo hiyo gesi. Katika mgando bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo, kwa hiyo endelea na mgando bila hofu. Lakini ukivimba midomo au kubanwa pumzi, hiyo ni aleji, kimbilia hospitali.

Swali: Selimundu, ule ugonjwa wa damu, inaingiaje hapa?

Jibu: Hili naomba tulisome polepole. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina nyuzi nne. Kwa mwenye selimundu, katika mbili kati ya hizo, ziitwazo beta, shanga ya sita imebadilika: palipostahili asidi glutamiki pamekaa valini. Shanga moja tu! Hemoglobini hiyo ikiachia oksijeni hushikamana, chembe nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu anayolilia mtoto yanatoka hapo.

Hakuna aliyemroga. Amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huenda hawajaugua hata siku moja. Ukiona mtoto mchanga anavimba vidole vya mikono na miguu, au anaishiwa damu mara kwa mara, mpeleke apimwe damu ya selimundu. Akijulikana mapema huanzishiwa dawa za kumkinga na maambukizi kabla hayajamdhuru.