Kuvu za shambani na sumukuvu: maswali ya wakulima wa Dodoma

Mahindi niliyaweka kwenye gunia jipya. Kuvu imetoka wapi?

Imetoka nayo shambani. Udongo umejaa kuvu ndogo mno, za aina nyingi, zisizoonekana kwa macho. Zimo kwenye mabua yaliyobaki, kwenye samadi, kwenye majani yaliyodondoka chini ya mgunga, hata kwenye ganda la zabibu. Vijimbegu vyake ni vyepesi kama vumbi, upepo wa kiangazi huvipeleka popote.

Zote zina madhara?

Hapana. Bila kuvu, mabua ya mwaka jana yasingeoza yakawa rutuba. Nyingine huishi na mizizi na kuisaidia kufyonza fosforasi. Hamira nayo ni kuvu. Hata penisilini ilitokana na kuvu, kama Alexander Fleming alivyogundua London mwaka 1928.

Sasa ipi inaua?

Inayotutesa zaidi kanda hii ni Aspajilasi flavasi, inayotengeneza aflatoksini, yaani sumukuvu. Hupenda mmea wenye kiu. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanachanua, au karanga zikijaza maganda, huingia mapema, kabla hujavuna. Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu ulizuka Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Ukiona macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika na miguu kuvimba, wahi kituo cha afya, na uwaeleze mlikula nini. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka huleta saratani ya ini, na mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi.

Nikiosha na kuupika ugali ukaiva sawasawa?

Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Wala usiamini macho peke yake, maana punje nzuri inaweza kuwa nayo. Kuchambua hupunguza: toa zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na karanga zilizosinyaa. Kukoboa pia husaidia. Ila nawasihi, hizo mbovu msizisage za uji wa mtoto, msipikie pombe, msimpe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Nitajuaje yamekauka?

Anika juu ya turubai, si ardhini kwenye udongo uleule wenye kuvu. Kisha tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa, uache kwa muda. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. Yakikauka, weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Shambani hakuna kinga?

Ipo, na inatoka kwa kuvu yenyewe. Aspajilasi flavasi ina ndugu zake wa asili wasiotengeneza sumu. Wataalamu wamewachagua na kuandaa Aflasafe TZ01, ambayo humwagwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua. Hao wasio na sumu huwahi nafasi, wale wenye sumu wakakosa pa kukaa.