Jeshi la anga si jeshi la anga za juu

Juzi barazani Ngamiani, hapa Tanga, vikombe vya kahawa vikizunguka, nilimsikia tena mtu akisema Marekani iliunda jeshi la anga mwaka 2019. Hapana. Jeshi la anga wanalo kama tawi linalojitegemea tangu 1947, na hata jeshi letu la Tanzania, JWTZ, lina Kamandi ya Jeshi la Anga. Lililoanzishwa tarehe 20 Desemba 2019 ni jeshi la anga za juu, ambalo kazi yake ni kuendesha na kulinda setilaiti za kijeshi na kutoa tahadhari kombora linaporushwa.

Kinachonikera ni kuona "za juu" ikidondoshwa kana kwamba ni pambo. Anga ni ndugu wa mwanga, angaza na angavu: ule uwazi mweupe tunaouona mchana, wenye mawingu na ndege. Habari za nyota na mwendo wa mwezi sisi watu wa pwani tuna neno lake jingine, falaki, tulilolipata kwa Waarabu. Kwa hiyo lugha yenyewe haikuvichanganya vitu hivi.

Sheria nayo haivichanganyi. Anga ina mwenyewe. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa ndege, ndege ya kijeshi ya kigeni haipiti juu ya Tanga bila idhini ya serikali yetu. Anga za juu hazina mwenyewe: mkataba wa 1967 umekataza nchi yoyote kujimilikisha, ukakataza pia kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka dunia huko juu. Setilaiti ya kijasusi inaweza kupita juu ya Ras Kazone bila kupiga hodi, na haijavunja sheria. (Wengi huhesabu kuwa mpaka kati ya anga na anga za juu ni kilomita 100 kwenda juu, ingawa hakuna mkataba wa dunia uliouweka.)

Ndiyo maana kazi zikatenganishwa. Rubani hulinda mpaka wa nchi; huko juu hakuna mpaka, kuna vyombo tu. Nahodha wa pale Deep Sea, pwani ya Tanga, anayetafuta njia kwa GPS anapokea mawimbi ya setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu, na wanaoziendesha ni jeshi hilo la 2019. Ndege ya kivita haifiki huko, kwani mabawa na injini zake vinahitaji hewa.

Basi ndugu yangu, lile la marubani endelea kuliita jeshi la anga kama ulivyozoea. Hili jingine liongezee "za juu" tu.